Mkono wa Bi Siwema

Sindano za Kichina hazikuua uchovu wa kiharusi. Ziliuvuta mpaka kiganjani, ufie humo jua likizama. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asimpe mtu mkono kabla ya magharibi, la sivyo uchovu ungemhamia huyo, na mzizi wake ubaki kwa mgonjwa.

Bi Siwema alitoka kliniki asubuhi akiwa mwepesi kama pamba, yeye aliyekuwa akishindwa hata na kijiko. Nyumbani akakuta majirani wamejaa barazani kumjulia hali. Wakamnyooshea mikono. Angeiachaje hewani, aonekane anaringa? Akawapa wote.

Kesho yake alfajiri alifagia uwanja huku akiimba. Mtaa ulikuwa kimya. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna mtoto aliyelia, hata adhana haikusikika.

Adhuhuri uchovu ukamrudia begani, kisha ukateremka wenyewe hadi kiganjani, kama uliokwishaijua njia.

Ndipo akaingia Zuhura, bintiye aliyemuuguza tangu augue, ametoka safari fupi. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama. Mbona mtaa umelala?"

Bi Siwema akautazama mkono ule uliokuwa ukimlisha uji. Akafuta wake kwa kanga.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaunyoosha. "Sogea."