Kirungu Kipya cha Gia

Mzee Shomvi alishikilia kwamba ubovu ulikuwa kwenye kirungu cha gia. Kiganja chake kilikuwa kimekisugua kwa miaka mingi mpaka namba zikafutika, na tangu atoke hospitali kirungu kilikuwa kikimponyoka. Si mkono, alisema. Ni kirungu.

Kwenye gereji yake, Fundi Kasimu alikifungua cha zamani, akafunga kipya, akakitikisa. "Hiki hakikuponyoki, mzee. Jaribu."

Shomvi alikaa kwenye usukani, mkewe Bi Tatu pembeni yake. Akawasha gari, akakanyaga klachi. Akaunyanyua mkono wa kushoto kwa msaada wa wa kulia, akauweka juu ya kirungu. Vidole havikufumba. Mkono ukateleza, ukaanguka pajani. Akaurudisha. Ukaanguka tena.

"Kaza hiki, Kasimu! Hujakikaza!"

Fundi alikitikisa tena kirungu; hakikucheza.

"Baba Mwajuma," Bi Tatu alimwambia mumewe polepole, "kimekazwa."

Mji mzima ulimwita Dereva; wengi hawakujua hata jina lake. Shomvi alifumba macho. Ndipo Bi Tatu, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, alipouokota ule mkono, akaubandika juu ya kirungu na kuufunika kwa mkono wake.

"Niambie wapi."

"Kushoto," Shomvi alinong'ona. "Halafu mbele."

Gia ikaingia. Gari likatoka kwenye geti la gereji taratibu, likashika mteremko wa barabara kuu, na kutoka chini malori yalikuwa yakipanda kuwajia, mikono yao miwili ikiwa bado juu ya kirungu.