Boneti ya Gari la Zaituni

Siku hizi gari humfungulia boneti mtu mmoja tu, yule anayeaminiwa na mwenye gari kuliko wote.

Taa ya injini ilipowaka, Mshamu, fundi umeme wa magari, aliweka kiganja kwenye boneti ya gari la mkewe, Zaituni. Haikufunguka.

"Labda ni hizo nyaya mbovu," Zaituni alisema, akampigia Lukindo, mume wake wa zamani.

Lukindo alipoigusa tu, ikafunguka. Mshamu alisimama kando, akimtazama Lukindo akikwangua kutu kwenye plagi ya sensa, kazi ambayo yeye huifanya kila siku.

"Tayari, sensa inasoma vizuri," Lukindo alisema, akaaga.

Mshamu akaweka tena kiganja, akasubiri. Boneti haikutikisika.

"Njoo unywe chai, baba," Zaituni alimwita, bila kumtazama.