Fundi Sikio na Gari Linalolia

Fundi Sikio alikuwa kwenye kiti cha abiria, macho kayafumba, kiganja juu ya mkono wa gia, akisikiliza mlio ambao hakuusikia hata kidogo.

"Naam," alisema. "Huo hapo!"

Mwenye gari, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alipunguza mwendo. Gari lenyewe lilikuwa foo-wili la zamani, kubwa, la kupandia milima. Akamgeukia, naye fundi akafumbua macho. "Kwa hiyo na wewe umeusikia?"

"Dada yangu, asiyeusikia mlio huo akapimwe masikio."

Mama akatabasamu, akatazama barabara.

Jina la Sikio fundi hakujipa. Alipewa na watu, enzi zile alipokuwa akisimama mlangoni pa gereji, gari linapita, naye anasema bila kuinua kichwa: hilo, beringi yake ya nyuma kulia inakufa. Na kweli, wiki haiishi gari linaletwa likivutwa. Wakamchorea kibao: GEREJI YA SIKIO. Sasa mwaka wa pili masikio yenyewe yalikuwa yamemtoroka, na yeye akajifunza ujanja. Gari huongea na mikono pia. Kila ugonjwa una mtetemo wake, unapanda kwenye mkono wa gia mpaka kiwikoni. Watu aliwasoma midomo. Asipoiona midomo, alijibu "sawasawa", na mambo yakaenda.

Hakuna aliyejua. Au ndivyo alivyodhani.

Mkewe, aliyeuza vipuri kwenye dirisha chini ya kibao, alianza kumshuku siku lori liliporudi nyuma likamkosakosa. Dereva alipiga honi mpaka mkono ukamchoka, na fundi kachuchumaa palepale anachokonoa plagi. Siku hiyo walizozana mbele ya mafundi wote.

"Baba watoto, hayo masikio yamekwisha. Utakuja kuniachia ujane bure."

"Yamekwisha? Mimi?" Fundi alipandisha sauti kama mtu aliyeibiwa. "Siku nikishindwa kusikia mlio wa gari, kibao kile nakishusha kwa mikono yangu mwenyewe!"

Aliapa, tena mara mbili. Moyoni alikuwa na hofu tupu. Bila gereji angefanya nini, akae sebuleni ahesabu vigae?

Ndiyo maana gari hili lilikuwa si gari tu. Lililetwa asubuhi, na mama mwenye miwani akasema linalia huko chini lakini hajui wapi. Mkewe, ambaye kwa kawaida hana habari na magari ya wateja, leo alitoka dirishani kabisa kuja kutazama.

Njiani mama aliligeuzia uso dirisha lake. Fundi akaona taya likicheza.

"Sawasawa," akasema.

Taya likacheza tena, na tena. Sawasawa, sawasawa. Waliposimama kwenye taa nyekundu, mama akatoa kijitabu, akaandika kitu kifupi.

Waliporudi gereji, fundi aliingia chini ya gari na tochi. Akaishika propela ya nyuma, chuma kile kirefu kinachozungusha magurudumu, akaizungusha huku na huku, na hapo moyo ukamruka. Kwenye krosi, pale propela inapokunjia, palikuwa na vumbi jekundu la kutu, laini kama unga. Mkono haukumdanganya! Akatoka mbio mbio, uso umejaa grisi na furaha.

"Krosi ya propela ya nyuma. Imekauka, inasagika yenyewe kwa yenyewe. Usiliendeshe hata mpaka mtaa wa pili."

"Na ndiyo inayolia?"

Angeishia hapo angekuwa amesema kweli tupu. Lakini kwa mtu aitwaye Sikio, kweli hiyo ilionekana ndogo.

"Inalia kwi-kwi-kwi! Tangu unaingia getini naisikia."

Mama akavua miwani. Akamtazama mkewe fundi, na mkewe akatazama chini.

"Fundi, mimi ni daktari wa masikio. Gari langu halilii popote, lilitoka sevisi wiki iliyopita. Mkeo ndiye aliyeniomba nije, kwa sababu hospitali ulikataa. Na kule njiani nilikuuliza mara tatu mama yako mzazi anaitwa nani. Mara zote ukanijibu sawasawa."

Fundi aliyasoma maneno yote kwenye midomo yake, na kwa mara ya kwanza alitamani asijue kusoma midomo.

"Lakini krosi..."

"Baba," mkewe alimshika mkono wa ovaroli, machozi yanamlengalenga. "Basi. Imetosha."

Mafundi walijifanya wanatafuta spana. Aliyezusha kwi-kwi-kwi, nani angemwamini habari za krosi? Aibu ilimpanda mpaka kwenye utosi.

Daktari alimpa kadi ya kliniki, akamwambia siku hizi kuna vifaa vidogo vya kusikia, hata havionekani.

"Daktari, usiliendeshe hilo gari," fundi alisema kwa unyonge. "Nakuomba."

Daktari akamtabasamia kama anavyowatabasamia wagonjwa, akampigapiga begani, akapanda gari lake.

Fundi hakutaka kumwona akiondoka. Kiapo ni kiapo. Akachukua bisibisi, akaburuta stuli mpaka kwenye dirisha la vipuri, akapanda kukifikia kibao, akaupa uwanja mgongo.

Kwenye mwinuko wa geti daktari akakanyaga mafuta. Propela ya nyuma ikakatika, ikajibamiza kwenye saruji kwa kishindo kilichowatoa watu madukani. Mkewe fundi akapiga yowe, mafundi wakatupa spana, na mtaa mzima ukageuka kutazama getini. Mtu mmoja tu hakugeuka. Alikuwa juu ya stuli, anafungua skrubu ya mwisho.