Sumu Chini ya Benksia

Majibu ya maabara yalipofika, Glenys alikuwa amekwisha kumhukumu jirani yake. Kilichobaki kilikuwa ushahidi tu, jambo dogo.

Mti wenyewe ulisimama nyuma ya nyumba, ukifa kwa adabu. Ulikuwa benksia, mti wa asili wa mchanga huu mkavu, wenye maua yaliyosimama kama magunzi ya mahindi. Merv, mume wa Glenys, aliuotesha kwa mbegu mwaka waliooana, na kwa miaka arobaini na sita aliupigia magoti mara nyingi kuliko alivyowahi kumpigia mkewe. Machi Merv akafa. Alichomwa moto mjini Perth badala ya kuzikwa, kama alivyoagiza, bila padre na bila hotuba, maana hata maiti yake haikutaka kubishiwa. Ilipofika Agosti, majani ya benksia yalikuwa yamegeuka rangi ya chai.

Nani angeutilia sumu kama si Neville wa ng'ambo ya uzio? Kwa miaka kumi alilalamika kwamba majani yanaziba mifereji ya paa lake na kivuli kinayadhulumu mawaridi yake. Mawaridi hayo hushinda kila mwaka kwenye maonyesho ya wilaya, labda kwa sababu hakuna mwingine mwenye wazimu wa kupanda mawaridi mahali ambapo mvua ikinyesha huandikwa gazetini. Tena siku ya msiba alikula vipande vinne vya keki. Glenys alivihesabu kama dalili ya kwanza.

Halmashauri iliahidi kwamba sumu ikithibitishwa, mhusika atafikishwa mahakamani. Glenys alilitaka hilo kwa moyo wote, lakini zaidi alitaka mti upone. Kila asubuhi alikunywa chai chini yake na kumpa Merv habari za mtaa. Mti ukiondoka, hakujua angekwenda wapi na kikombe chake.

Ndipo alipomwita Tahlia, fundi wa miti mwenye cheti, mgeni katika mji huo. Akamwalika na Neville, aisikie hukumu kwa masikio yake mwenyewe.

Tahlia alichuchumaa shinani, akafukua kidogo, akakunjua karatasi ya maabara.

"Hii si dawa ya magugu," alisema. "Ni fosfeti, kirutubisho cha mimea, tena nyingi mno. Miti hii imezoea njaa, mama. Ukiishibisha inakufa."

"Wa kushibisha mimea mtaa huu tunamjua," alisema Glenys, akitazama mawingu yasiyokuwapo.

Neville alipauka. Akasema mbolea yake iko stoo, imefungwa kwa kufuli, waende wakaikague.

"Hii haikutoka dukani," alisema Tahlia, akisugua vidoleni punje za kijivu. "Ni mifupa. Imechomwa kwa moto mkali, ikasagwa. Imemwagwa yote siku moja, kilo mbili tatu hivi, hapa hapa."

Neville alivua kofia.

"Andika ni mimi," alimwambia Tahlia kwa sauti ya chini. "Yaishe."

Glenys hakuwahi kufurahi hivyo tangu Machi. Alianza kupanga maneno ya kumwambia hakimu.

Tahlia, ambaye ugomvi wa majirani haukumhusu, alieleza tiba. Mti ungeweza kupona, mradi mchanga wote wa shinani uchimbwe leo leo, upakiwe kwenye gari na kutupwa dampo. Kisha akauliza kama kuna iliyobaki nyumbani, mtu asije akaimwaga tena.

Ilimchukua Glenys muda kuyaondoa macho kwa Neville na kuyashusha kwenye mchanga ule. Aliutazama, akauangalia na mkono wa Tahlia, jinsi alivyokuwa akijipangusa kwenye suruali.

"Haijabaki," alisema. "Nilikuwa na mume mmoja tu."