Kitovu cha Mjukuu Wangu

Tangu wawekezaji wanunue mtaa wetu wote wa kando ya mto, hakuna anayeruhusiwa kukaa nyumba moja zaidi ya siku nne. Siku ya nne tunafungasha na kuhamia nyingine.

Jana, siku yetu ya nne, kitovu cha mjukuu wangu kilidondoka. Binti yangu Habona alikifunga kitambaani, nami nikatoka na jembe nikizike uani.

“Mgeni haruhusiwi kuchimba,” mlango ukasema kwa spika waliyoufunga wawekezaji.

“Mgeni nani? Nyumba hii aliijenga baba yangu. Kitovu changu kimezikwa hapo kizingitini.”

“Muda wenu umekwisha. Asanteni kwa kututembelea.”

Nilisimama na jembe langu kama mwizi.

Habona akakitia mkobani, kilimokuwa tayari cha binti yake mkubwa, aliyeanza shule Jumatatu. Mwalimu alipomuuliza mtoto huyo kwao ni wapi, alionyesha mkoba wa mama yake.