Unywele Mmoja Chini ya Mstari

Jumatano ile mchana, Orville Teague aliamua kupiga gitaa vibaya.

Si kazi rahisi kwa mkono uliozoea. Gitaa lake hulazwa juu ya mapaja, na mkono wa kushoto huteleza juu ya nyuzi ukiwa umeshika kipande cha chuma. Chuma kikikaa sawasawa na mstari wa noti uliochorwa chini ya nyuzi, gitaa linalia kama mtu. Kikishuka unywele mmoja tu, linatia meno ganzi.

Miaka mitano alikuwa akipiga kwenye bendi ya wafungwa, na kila Jumatano redio ilikitawanya kilio hicho Texas nzima. Barua za wasikilizaji ziliingia kwa magunia. Maombi yake ya kuachiwa mapema yalikataliwa mara tatu. Kule Lubbock mama yake alikuwa akipofuka, na Orville alitaka mama amwone, japo mara moja, kabla macho hayajazima.

"Nani akuachie wewe?" Lum, mpiga fidla wa bendi, alimtania. "Mkuu atauzia sura wapi? Ungekuwa mbovu kama mimi, ndugu yangu, saa hizi uko kwenu unakula maharage ya mama."

Maneno hayo yalimkaa rohoni wiki nzima.

Sasa Kapteni Stroud, mkuu wa gereza, aliingia ukumbini akimeremeta, nyuma yake mgeni mwenye kofia nyeupe.

"Gavana mwenyewe," alimnong'oneza. "Teague, usiniangushe."

Orville akafurahi kimoyomoyo. Akimwaibisha Kapteni mbele ya Gavana, bendi itamtema, na hapo hakuna atakayekuwa na sababu ya kumng'ang'ania.

Alishusha chuma unywele mmoja, akakiacha hapo hapo nyimbo tatu nzima. Ilimuuma, maana alijua mama yake yuko kando ya redio anasikiliza. Lum alimkodolea macho. Askari mmoja alicheka waziwazi.

Gavana alisikiliza ameinamisha kichwa hadi mwisho, kisha akamgeukia Kapteni.

"Mna wapiga gitaa hili wangapi humu?"

"Ni huyu tu, Mheshimiwa."

"Usinifanye mtoto, Kapteni. Lile gitaa nalijua. Mke wangu alikata roho akilisikiliza. Yule mtu nimekuja kumtoa leo, niondoke naye."

Akachomoa bahasha, akamtazama Orville kwa muda mrefu, akairudisha mfukoni.

"Huyu siye," alisema, akafunga kifungo cha koti.