Fundo la Kanga

"Mama, nipe ufunguo! Gari la kambi ya kipindupindu linaondoka."

"Liondoke. Wauguzi wameisha mjini mpaka wakutake wewe?"

Mama Nsia alikuwa ameufunga ufunguo wa mlango kwenye pindo la kanga, na fundo amelikaba kama shingo ya kuku. Nje ya nondo za dirisha, honi ilipigwa.

"Asubuhi umesali, 'Mapenzi yako yatimizwe,'" Nsia alisema. "Kumbe mlango ulishaufunga!"

Mama alitaka kukunja mikono asali tena. Mmoja ulikataa kuliachia fundo.

"Bwana, mtoto huyu ni wako kabla hajawa wangu," alinong'ona. Akalifungua fundo kwa meno, akafungua mlango.

Nsia alitoka mbio. Pindo la kanga lilibaki limejikunja, lina umbo la ufunguo.